Kwa Jicho Tupu ni Moja

Jumapili, 26 Aprili 2015

Mvua tena. Kama mawingu yana makao makuu, basi yako juu ya paa langu hapa Kasulu.

Naanza kuandika kwa sababu Mwalimu Nduwayezu, anayefundisha hesabu, kaniambia kipimo kisicho na tarehe ni umbea. Haya. Mimi ni Rabia, mwalimu wa fizikia, mtu wa Lindi niliyeletwa huku na barua ya serikali, na msimu huu nataka kupima uzito wa nyota.

Nyota yenyewe ni Rijili Kantori. Ukitazama kusini, iko kushoto kwa Salibu, zile nyota nne za msalaba, inang'aa kupita zote za upande ule. Kwa jicho tupu ni moja. Kwenye darubini ni mbili, kubwa na ndogo, na zinazungukana. Mzunguko mmoja unazichukua miaka themanini. Ukijua zimeachana kiasi gani, ziko mbali nasi kiasi gani, na zinazungukana kwa miaka mingapi, unapata uzito wake bila mizani na bila kutoka kwenye ua wa shule. Jambo hilo ndilo lililonifanya nisome fizikia badala ya kuolewa na yule mwenye duka la vipuri.

Darubini tuliletewa na kikundi cha wapenda nyota cha Dar. Ilikaa stoo chini ya madawati mabovu mpaka mimi na Nduwayezu tulipoitoa na kuifuta mavi ya mijusi.

Leo mchana redio imesema watu wameingia barabarani Bujumbura. Nduwayezu ana pacha wake huko. Alikuwa anakula mhogo, akauweka chini, hakuugusa tena.

Jumanne, 28 Aprili

Mawingu.

Jumatano, 29 Aprili

Mawingu, na kelele za redio kila nyumba.

Jumanne, 5 Mei

Mbingu imefunguka! Tumepima.

Niandike tunavyofanya, nisije nikasahau. Mbele ya mdomo wa darubini tunaweka fremu yenye vipande vya mwanzi vilivyopangwa sawasawa, fundi seremala wa sokoni katutengenezea. Sisi tunaiita ngazi. Ngazi ikiwepo, kila nyota inajitolea vinyota vya uongo pande zote mbili, na umbali wa vile vya uongo tunaujua kwa kupima nafasi za mianzi. Basi unaizungusha ngazi polepole mpaka cha uongo kikae mahali pa kulinganishwa na cha kweli. Wa uongo ndiye anakusaidia kumpima wa kweli.

Kila mtu anapima peke yake, na hatuambiani namba mpaka wote tumalize. Hiyo ni sheria ya Nduwayezu. Anasema ukishasikia namba ya mwenzako, jicho lako linaanza kuwa na adabu.

Taabu ni macho yake. Akivua miwani hatofautishi ng'ombe na lori, na kwenye darubini lazima aivue. Kwa hiyo akikaa yeye, anazungusha kile kigurudumu cha kurekebisha mpaka lenzi inaingia ndani sana; nikikaa mimi, naitoa nje. Tukachoka kutafutana, tukachora alama mbili za rangi nyeupe kwenye bomba: N yake, R yangu. Nikitazama kwenye N naona ukungu mtupu. Yeye kwenye R vilevile.

Digrii moja ukiigawa vipande elfu tatu na mia sita, kimoja kinaitwa sekunde. Kati ya nyota hizi mbili mimi nimepata sekunde nne na kidogo. Yeye nne kasoro kidogo. Tumeshikana mikono kama watu waliofunga ndoa.

Jumamosi, 9 Mei

Leo tumegombana, na ugomvi wenyewe wa ajabu.

Tulikuwa nyumbani kwake, mkewe Kezia anachambua maharage mapya. Kezia akauliza umbali wa nyota tunaupimaje, kamba tunafunga wapi. Nikamwambia anyooshe kidole gumba, afumbe jicho moja, kisha jingine. "Kinahama," akasema. Ndiyo. Jicho la kwanza ni dunia ya Januari, la pili ni dunia ya Julai, na nyota ni gumba. Kadiri kinavyohama kidogo, ndivyo kilivyo mbali. Sisi hatuna chombo cha kuona kuhama kudogo kiasi hicho, umbali tumeuchukua kitabuni. Kezia akacheka: "Kumbe ukitaka kujua kitu kiko wapi, ukitazame kutoka pande mbili."

Nduwayezu alikuwa anakokotoa. Uzito wa nyota zote mbili kwa pamoja ulitoka kama majua mawili, vizuri kabisa. Kisha akaandika: kubwa, moja, ndogo, moja.

"Hiyo umeipata wapi?" nikamuuliza. "Nyota ndogo inaonekana kabisa ni hafifu. Na kitabu kinasema nzito ndiyo inakaa karibu na kitovu zinachokizunguka, nyepesi inazunguka kwa mbali. Si sawa hizi."

 Kezia ndiye aliyejibu: "Madam, huyu ni Bukuru. Huyo wa Burundi ni Butoyi. Mapacha huku kwetu hawapunjani. Mama yao alikuwa anagawa hata punje ya karanga. Kumpa mmoja zaidi, alisema, ni kumwambia mwenzake aende."

Hapo nikaelewa kwamba mwanaume mzima mwenye shahada ya hesabu kagawa nyota kama karanga. Nikacheka sana. Nikachukua kalamu, nikaandika yangu: kubwa, moja nukta moja, ndogo, sifuri nukta tisa.

"Umempunja Butoyi," akasema Nduwayezu. Alikuwa anatabasamu, lakini hakunitazama, na mimi sikuipenda sauti ile.

Kezia akanionyesha picha yao ukutani. Wamezaliwa hapa hapa, wana wa wakimbizi wa mwaka sabini na mbili. Serikali ilipowaambia wachague uraia au kurudi kwao, baba akarudi Burundi kudai shamba lake na Butoyi akamfuata. Nduwayezu akabaki, akapewa uraia. Sura ni moja. Bila ile miwani nisingejua yupi ni yupi.

Alhamisi, 14 Mei

Jana jeshi lilijaribu kupindua huko. Leo inasemekana limeshindwa. Nduwayezu kafundisha kidato cha pili huku simu iko mfukoni inaita namba isiyopokelewa. Niliisikia nikiwa mlangoni.

Jumatatu, 18 Mei

Mabasi yanapita kuelekea kambini Nyarugusu, yamejaa watu, magodoro na kuku. Sokoni wanasema kipindupindu kimekuja nao. Muuza migebuka alisema hivyo huku anamwuzia mama wa Kirundi samaki, na mama yule anasikia kila neno. Niliona aibu, nikanunua samaki nisiowahitaji.

Anga jeupe. Tumepima, na tumekaribiana mno kwa namba mpaka nimeogopa tunadanganyana. Nduwayezu anasema mwaka huu nyota hizi zinaonekana zimekaribiana sana, lakini kwa kweli haziko karibu vile. Ni mahali tuliposimama sisi panapotudanganya.

Jumamosi, 23 Mei

Butoyi kapatikana kwa simu ya mtu mwingine. Ana pikipiki, siku za maandamano alibeba majeruhi kupeleka zahanati. Sasa jina lake linatajwa. Amejificha kijiji kimoja ng'ambo ya Munanila, kijiji cha mwisho upande wetu, mwendo wa nusu siku tu kutoka mpakani, lakini njia zote kuna vijana wenye marungu, na kila anayetoka wanamwomba kitambulisho. Mrundi mwenye sura ya kukimbia hapiti.

Nduwayezu alinieleza yote haya kwa sauti ya kusoma mahudhurio.

Jumatano, 27 Mei

Mvua ya mwisho, nadhani. Nduwayezu hakuja kupima. Nimepima peke yangu na sikufurahi.

Ijumaa, 29 Mei

Ameomba ruhusa kwa Mkuu wa shule, Mwalimu Majaliwa, aende Manyovu, mpakani, Jumamosi na Jumapili "kumsubiri ndugu". Nimemwambia asivuke. Akasema, "Mimi ni Mtanzania, Madam, nina cheti. Nani atanigusa?" Kisha akaniomba nisifute ile alama ya N.

Nani angefuta alama ya rangi? Nimelala na swali hilo kifuani.

Jumatatu, 1 Juni

Karudi! Nimemwona asubuhi kwenye mstari wa wanafunzi, miwani machoni, koti lile lile. Mafua yamemkamata, sauti imekauka. Nikamuuliza ndugu. "Bado," akasema. Mitihani imeanza, kazi yetu ni kusimamia tu. Alhamdulillah, angalau karudi mzima.

Jumatano, 3 Juni

Nduwayezu anajikwaa. Leo kakosa ngazi ya ofisi mara mbili, na anapita na kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta sarafu. Nikamtania kwamba mafua yameshuka miguuni. Kicheko chake kilichelewa.

Ijumaa, 5 Juni

Shule imefungwa. 

Nilimwita jioni tupime. Hakutaka, akasema kichwa kinauma. Nikasisitiza, mimi nikishika jambo ni kupe. Akaja. Nyota ilikuwa imepanda juu ya paa la bweni, imetulia kabisa. Nikapima kwanza, nikampisha. Akavua miwani, akaikunja vizuri, akainama.

Nilisubiri azungushe kigurudumu. Hakukigusa. Kilikuwa kwenye R, kwenye jicho langu.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Mbili," akasema taratibu, na mshangao ulikuwa wa kweli. "Yewe! Ni mbili."

Nduwayezu amezitazama nyota zile zaidi yangu. Na kwenye R hajapata kuona kitu ila ukungu.

Nilitazama ile miwani mkononi mwake, nikaelewa kwa nini anajikwaa. Si miguu. Ni mtu mwenye macho mazima anayetembea ndani ya macho ya mwenzake.

"Wewe ni Butoyi," nikasema.

Hakukataa. Alikaa chini kwenye nyasi pale pale, akazungumza huku anaipangusa miwani kwa ncha ya shati, na mikono yake ni ile ile ya Nduwayezu, mpaka kucha.

"Alinifuata kule nilikojificha. Alipita porini. Akaniambia, wewe ndiye wanayekutafuta, mimi hawanijui. Akanivua koti langu akanivalisha lake. Akanipa kitambulisho cha kazi na cheti. Nikamwambia oya, mwana wa mama, sitaki. Akasema picha ya kitambulisho ina miwani, akaivua, akanivisha kama mtoto."

"Na yeye?"

"Mimi nipite barabarani kwa jina lake. Yeye arudi kwa njia ile ile ya porini usiku huo. Tukutane Munanila asubuhi."

"Porini, usiku, bila miwani," nikasema.

"Alisema njia ile anaijua kwa miguu." Hapo akaanza kulia. "Nilimsubiri Munanila siku nzima. Kezia kasema nije shuleni, nikae mahali pake mpaka afike, asije akafukuzwa kazi. Karatasi zangu nimeziacha kule nilikojificha, nikapewa za kwake. Sasa mimi ni nani, dada?"

 Niliifunika darubini ili nipate cha kufanya.

Jumapili, 7 Juni

Hakuna habari. Watu wanachoma mapori, moshi umekaa bondeni. Kezia anapika chakula cha watu wote na sahani moja inabaki imefunikwa.

Jumanne, 9 Juni

Hakuna. Nimezitazama zile namba za uzito. Mimi ni mwalimu wa fizikia, siamini punje ya karanga. Lakini nimeikata ile moja nukta moja kwa kalamu, kisha nikajiona mjinga, nikaiandika tena.

Jumatano, 10 Juni

Wamekuja watu wawili wa ofisi ya uhamiaji, na gari. Tulikuwa tunasahihisha mitihani. Mkuu akaniita pembeni ya ukumbi.

Kezia aliliona gari kabla yangu. Alikuwa ameniwahi njiani, kanga imemwanguka begani. "Dada Rabia, wamekuja kwa ajili ya vyeti. Ukisema siye, Bukuru atakuwa kampa mgeni cheti cha taifa. Watamnyang'anya uraia, na kazi, na watoto wangu watakuwa watoto wa nani? Akirudi ataishia jela. Nakuomba. Sema ndiye."

"Na kama kusema ukweli ndiko kutakakomrudisha?"

 Alinishika mkono tu, kwa nguvu ya mtu anayezama.

Mmoja wa wale wawili alikuwa mpole, ana kalamu nyekundu mfukoni. Hakusema kwa nini anauliza. "Madam, tumeambiwa wewe ndiye unafanya kazi kwa karibu sana na Mwalimu Nduwayezu. Yupo?"

"Yupo."

"Hajapotea siku za karibuni? Hajasafiri akachelewa?"

"Alikwenda Manyovu, akarudi Jumatatu ya wiki iliyopita."

Butoyi alikuwa amekaa dirishani, miwani usoni, kalamu mkononi, anasahihisha hesabu asizozijua. Mpole akanyoosha kidole. "Ndiye yule?"

Nilikuwa na muda. Nataka niliandike hili vizuri: nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kusema neno jingine.

"Ndiye," nikasema.

Akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Basi imekwisha. Asante, Madam." Na gari likaondoka.

Ijumaa, 12 Juni

Hakuna. Najiambia nimeokoa nyumba ya watu.

Jumatano, 17 Juni

Kesho tunaanza kufunga. Mkuu alikuja kunitakia Ramadhani njema na kuniletea tende, maana ni mwungwana ingawa ni Msabato. Tukakaa barazani. Akaanza kuzungumza mambo ya kawaida, mshahara uliochelewa, na mwaka huu moshi umezidi. Kisha akasema:

"Lakini ile wiki iliyopita ilikuwa vituko, Madam. Si wale watu wa ofisi walipigiwa simu kutoka Manyovu? Kule ng'ambo vijana wamemkamata mtu porini, hana karatasi hata moja, kipofu nusu, anang'ang'ania kwamba yeye ni mwalimu wa Kasulu. Kataja hadi shule yetu. Kataja hadi jina: Nduwayezu. Wale wa ng'ambo wakauliza, je, mmepotelewa na mwalimu? Mkisema ndiyo, mje mmchukue. Ndiyo maana wakaja kuhakikisha." Akachukua tende moja katika zile alizoniletea. "Tungekuwa tumempoteza mtu, wangekwenda siku ile ile. Lakini Mwalimu wetu alikuwa amekaa pale dirishani. Wakawajibu, huyo ni mwongo, wa kwetu yupo."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka alisema, "Madam, umepauka, ni malaria?"

Mtu aliyepo hatafutwi. Ningesema siye, angekuwa jela ya Kasulu sasa hivi, hana kazi, hana uraia, Kezia anampelekea ugali. Angekuwa hai jela ya Kasulu.

Alhamisi, 18 Juni

Mfungo wa kwanza. Tumekwenda Manyovu: mimi, Kezia, na Butoyi ambaye hakuvaa miwani.  Butoyi aliingia ofisini wa kwanza, akaweka kitambulisho na cheti juu ya meza, akasema, "Hivi si vyangu. Mwenyewe ndiye yule mliyeambiwa."

Afisa alikuwa mzee, hakupiga kelele. Alitazama picha, akamtazama Butoyi, akatazama picha tena. Alipiga simu, akazungumza Kirundi. Mimi sikielewi, kwa hiyo nilimtazama Kezia, na uso wa Kezia ndio ulionitafsiria.

"Hayupo tena pale," afisa akasema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu. "Walipojibiwa kwamba si wa kwetu, walimtoa usiku ule. Hawasemi walimpeleka wapi."

Kezia hakulia. Aliuliza kama alikuwa na viatu.

Afisa kasema ataandika, watafuatilia, tusubiri. Butoyi wamemwandikisha mkimbizi kwa jina lake mwenyewe, kesho anapelekwa Nyarugusu. Tulipoagana alinipa miwani. Sikutaka kuipokea, akanifumba vidole juu yake.

Jumamosi, 20 Juni

Baada ya futari nimeitoa darubini. Hakuna moshi, hakuna wingu. Sijapata kuona anga kama hili tangu nije huku. Ni usiku ule tuliokuwa tukiuomba tangu Aprili.

Kule Dar wanasubiri matokeo yetu. Yako tayari: umbali, miaka, uzito wa kubwa, uzito wa ndogo. Kipimo kimoja tu kimebaki, chake, cha kuoanisha na changu cha mwisho, maana sheria ni watu wawili na hatuambiani mpaka wote tumalize.

Nimekaa. Nimekizungusha kigurudumu, nimepita R yangu, nimeingiza lenzi ndani polepole mpaka kwenye N, nikakiacha hapo. Rijili Kantori imekuwa ukungu mmoja mpana, mweupe. Nimeutazama mpaka macho yakauma. Miwani yake nimeiweka juu ya stuli, nimeifungua mikono, kama anavyoiweka mwenyewe akija.

Kezia alipita kutoka kisimani, akasimama uani. "Unaziona?" akaniuliza.

Nikamwambia, leo namsubiri mwenzangu apime kwanza.